Kahawia ya Nyanjige

Wilaya nzima ya Bariadi ilikuwa imeuona uso wa Nyanjige, isipokuwa binti yake. Hilo ndilo lililomkera Apolonia, na sioni wa kumlaumu. Miaka ile gari la sinema la Ushirika lilipokuwa likizunguka, watu walijaa kwenye viwanja vya shule kutoka Dutwa hadi Lagangabilili, wakaketi chini, na mama yake akawatokea kwenye shuka jeupe, mkubwa kuliko nyumba, akicheka. Ilikuwa sinema ya katuni ya kufundisha kilimo cha pamba. Aliyeichora ni Mihayo, baba yake Apolonia, na mwanamke wa kwenye sinema alimchora kwa kumtazama mke wake. Mwaka uliofuata Nyanjige alijifungua, na homa ikamchukua kabla mtoto hajatimiza siku arobaini.

Basi kila mtu mzima akawa na neno la kumwambia huyo mtoto. Muuza dagaa wa sokoni alimshika kidevu akasema, "Wewe ni mama yako mtupu." Katekista, aliyeitazama sinema ile ile, akasema hawafanani hata ukucha. Apolonia alikuwa amekua, ana cherehani yake barazani na wateja wake, na bado hakujua amwamini nani. Angejuaje? Picha ya pekee ya Nyanjige, ya siku ya ndoa, ililiwa na mchwa pamoja na sanduku. Mkanda wa sinema uliharibikia ndani ya gari, na gari lenyewe lilikuwa juu ya mawe nyuma ya ofisi, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva.

"Nichoree, baba," alimwomba tangu alipojua kusema. Mihayo alijaribu mara nyingi. Kila mara uso ulitoka wa mtu mwingine: mara wa Ng'washi, mdogo wake Nyanjige, mara wa mtu asiyekuwepo duniani.

"Mkono wangu unajua kuiga," alimwambia binti yake. "Kilicho mbele yangu nakitoa kama kilivyo. Kilichoondoka siwezi."

Kisha akarudi kwenye mabango yake. Mabango yalikuwepo, tena tele. Soko huria lilikuwa limeingia Bariadi na kila mtu alitaka jina lake lisomeke toka mbali: duka la soda, mashine ya kusaga, saluni, mnunuzi binafsi wa pamba aliyekuja na mizani mipya. Mihayo, ambaye Ushirika ulimpumzisha kitengo cha sinema kilipofungwa, alikuwa anakula kwenye soko huria kuliko wengi waliolishangilia. Hata Apolonia alikuwa na fungu lake. Watu walisema mitumba itawaua mafundi cherehani, lakini nguo za mitumba zimeshonwa kwa ajili ya watu ambao nyonga zao ziko kwingine kabisa, kwa hiyo akina mama walinunua gauni asubuhi na kumletea mchana alipanue.

Siku moja Januarius, mtunza ghala wa mwisho aliyebaki Ushirika, alifika na baiskeli penye saluni iliyotazamana na baraza la Apolonia, ambako Mihayo alikuwa akiandika ukutani, jasho linamtiririka. Ghala lilikuwa limekodishwa kwa yule mnunuzi wa pamba, na vijana walikuwa wanatoa takataka nje.

"Mihayo, kuna zile nailoni zako ndani ya kabati la chuma," alisema bila hata kushuka. "Wamesema jioni wanachoma kila kitu. Kama unazitaka, twende sasa."

Mihayo alishuka kwenye ngazi bila kumaliza herufi aliyokuwa anaiandika, na mwenye saluni akabaki na nusu ya jina lake ukutani. Apolonia naye aliacha gauni la mtu chini ya sindano. Miaka yote baba yake alikuwa akimwambia kwamba michoro ilitupwa, na alikuwa akiamini hivyo. Njiani kuelekea ghalani moyo ulimpiga mpaka akaona aibu, kana kwamba watu wanausikia.

Walizirudisha nyumbani kwenye kibebeo cha baiskeli, zimefungwa kwenye kitenge. Watu wengine wote waliziita nailoni. Mihayo peke yake aliziita seli, jina alilofundishwa kwenye kozi ya kuchora sinema. Zilikuwa karatasi za plastiki angavu, na kila seli ilibeba hatua moja ya mwendo: hapa mkono umeinuka kidogo, kwenye seli inayofuata umeinuka zaidi. Chini yake uliwekwa mchoro wa shamba, nao ukaonekana kupitia sehemu zisizo na rangi, ndiyo maana mwanamke mmoja aliweza kulipita shamba zima bila mtu kulichora shamba upya. Mistari ilichorwa kwa wino upande wa mbele. Rangi zilipakwa upande wa nyuma, ili zisiufunike mstari. Hili la nyuma Mihayo hakumwambia binti yake, si kwa ubaya. Kwake lilikuwa wazi mno, kama kumwambia mtu kwamba jembe hushikwa kwenye mpini.

Hali ya seli zenyewe ilikuwa ya kusikitisha. Bati la ghala lilikuwa limezipika miaka nenda miaka rudi. Plastiki iliyokuwa angavu kama maji ilikuwa imegeuka njano kama samli, inanuka uchachu wa maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu, na seli nyingi zilikuwa zimegandana. Mihayo alijaribu kuzitenganisha kwa kisu akapasua moja, bwana shamba aliyechorwa humo akakatika shingo. Akatukana kwa Kisukuma, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Acha kisu," Apolonia alisema. Akaleta uzi wa kushonea, akaupitisha katikati ya seli mbili, akawa anauvuta huku na huku polepole, kama mwenye duka anavyokata mche wa sabuni. Seli zikaachana zenyewe. Mihayo akamtazama, akatikisa kichwa, akamsogezea rundo lote.

Wakawa wanafanya kazi asubuhi, kabla jua halijailainisha plastiki. Apolonia alitenganisha, baba yake akasafisha. Mihayo alikuwa ameomba pamba kwa jirani, akaitoa mbegu kwa vidole, akaichovya kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, akaikamua mpaka ikawa kavu karibu kabisa. Kisha akaipitisha juu ya seli kuanzia katikati kwenda pembeni, bila kukandamiza. Rangi ikiwa imebanduka, aliilaza seli juu ya beseni lenye kitambaa kibichi, akaifunika, na unyevu ukailegeza rangi mpaka ikalala tena mahali pake. Palipokuwa pameanguka kabisa alipaka upya kwa rangi aliyoikoroga na gundi ya mgunga.

"Mbona unafuta upande mmoja?" Apolonia alimuuliza.

"Upande huu tu," alijibu Mihayo, akaendelea kufuta. Apolonia alijisemea kwamba uzee unamfanya baba yake aogope maji kama paka.

"Na hii njano?"

"Hii siyo uchafu. Ni uzee. Haioshwi."

Kidogo kidogo sinema ikaanza kurudi, vipande vipande, mezani kwao. Bwana shamba na kofia yake. Miti ya pamba ya msimu uliopita ikichomwa moto baada ya mavuno. Funza wa vitumba, mnene, amevaa miwani na tai, na Mihayo akacheka peke yake, maana alimchora kwa sura ya karani mmoja aliyekuwa akimsumbua. Nyanjige naye alikuwemo, lakini ameinama, au amegeuka, au yuko mbali na uso wake hauzidi punje ya kunde. Apolonia aliziinua seli hizo moja moja kwenye mwanga. Alimwona mama yake mgongo, alimwona kiuno, alimwona mikono. Akamwonea wivu muuza dagaa.

"Uso wenyewe uko wapi?"

"Mwishoni," alisema Mihayo. "Shamba limetoa, anageuka, anacheka. Hapo nilimchora karibu. Alikaa kwenye kigoda pale mlangoni, akawa ananicheka mimi, anasema nimekodoa macho kama ninayemtafuta ng'ombe aliyepotea."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Apolonia kusikia mama yake alisema nini. Akaishika hiyo sentensi moyoni siku nzima.

Seli za kicheko zilikuwa chini kabisa ya kabati, mahali bati lilipovuja na popo walipojipatia choo. Karibu zote zilikuwa zimeungana zikawa tofali moja, hata uzi haukupenya. Moja tu ilikuwa pembeni ya wenzake. Hiyo nayo haikuonyesha chochote ila weusi wenye umbo la kichwa, matope na choo cha popo vimeigandia mbele na nyuma. Mihayo aliigeuza mara nyingi mkononi, akainusa, akaiweka juu ya kabati la vyombo.

"Hii isubiri," alisema. "Inataka uvumilivu. Nikitoka Dutwa tutaianza."

Huko Dutwa alikuwa ameahidi bango la duka, na mwenye duka alikuwa amekwisha kutuma watu wawili kumkumbusha. Akafunga ndoo za rangi kwenye baiskeli, akaondoka asubuhi.

Apolonia alishona. Alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Kila alipoinua macho, seli ilikuwa pale juu ya kabati, inamtazama bila macho. Kufika saa za alasiri alikuwa amejipa hoja zote ambazo mtu hujipa anapotaka kufanya jambo aliloambiwa asubiri. Alikuwa ametenganisha seli zaidi ya baba yake. Uzi ulikuwa wazo lake. Tena angemfurahisha, akirudi akute kazi imekwisha.

Na kuna jambo ambalo msichana yeyote wa Bariadi wa miaka ile alilijua kuliko sala zake: kusafisha kioo cha taa ya chemli. Unachukua maji ya sabuni, jivu laini la kuni na kitambaa. Unakizamisha kioo chote, unasugua nje, unasugua ndani. Atakayesugua nje peke yake atakaa gizani, maana masizi hukaa ndani. Apolonia alikuwa amefanya hivyo kila jioni tangu alipoweza kubeba taa bila kuiangusha. Alipitisha kidole nyuma ya seli akakuta pamekwaruza, pana gamba, sawasawa na kioo kilichofuka moshi usiku kucha. Masizi ya ndani hayo, alijisemea. Akaizamisha kwenye karai.

Alisugua mbele. Akasugua nyuma, kwa jivu. Gamba lilitoka kwa urahisi, akafurahi. Maji yaligeuka rangi ya chai, kisha yakawa mazito, na michirizi myeupe ikapita katikati. Akaiinua ile seli, akaimwagia maji safi, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Ilikuwa imetakata. Ilikuwa angavu kabisa, njano kidogo tu, na kupitia humo aliuona ua wote: jiko, kamba ya nguo, mbuzi wa jirani.

Uso haukuwepo. Palikuwa na mistari tu ya wino, mstari wa shavu, mstari wa nyusi, midomo iliyofunguka, na ndani ya midomo hiyo alikuwa anatembea mbuzi wa jirani.

Apolonia alitazama karai. Akalielewa jambo lote kwa mara moja, la mbele na la nyuma. Aliingiza mikono kwenye yale maji kana kwamba kuna cha kuokota. Kisha akakaa chini pale pale kwenye majimaji akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa. Mama yake alikuwa amekufa zamani, na sasa yeye mwenyewe alikuwa amemsugua kwa jivu.

Mihayo alirudi akamkuta ameketi na seli mapajani.

"Nimemfuta mama," alisema Apolonia.

Mihayo aliichukua, akaielekeza angani, akaitazama kitambo. "Mbele ulisugua sana?"

"Nilisugua kote."

"Wino umekaa," alisema. "Miaka mingi, umekwisha kuuma plastiki. Hapa kidevuni ndipo umepungua." Akaiweka mezani, akaenda kuosha brashi zake.

Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuumiza Apolonia kuliko yote. Angemchapa, pengine angepumua. Alichukia mikono yake. Alishindwa kula kwa mikono hiyo, na nguo za watu zikarundikana barazani mpaka wakaanza kununa. Jioni alimwachia baba yake kazi ya kusafisha kioo cha taa, na Mihayo akaifanya bila kuuliza.

Baada ya siku kadhaa alipata ujasiri. "Baba, ipake tena. Mistari ipo. Rangi unazo ndoo nzima."

Mihayo akakubali. Alianza na meno na weupe wa macho, safari hii kwa rangi ya mafuta isiyoogopa maji. "Nyeupe haina ubishi," alisema, na kwa muda mfupi mkono wake ukawa mwepesi kama zamani. Apolonia aliona meno yakitokea, moja la mbele limempanda mwenzake kidogo, na akajua kwamba baba yake anaweza.

Ilipofika zamu ya kahawia, Mihayo akakwama. Alikoroga rangi, akapaka kwenye kipande cha kioo, akakitazama, akakiweka chini. Akakoroga nyingine. Dirisha likajaa vipande vya kioo vya kahawia, na uso ukabaki wazi. Watu wa mabango walikuja wakarudi mikono mitupu. Apolonia alivumilia mpaka akachoka.

"Baba, unangoja nini? Si upake ile ya mwanzo?"

"Ile ya mwanzo haikuwa yake," alisema Mihayo. "Tulikuwa na kopo moja la kahawia kwa watu wote. Wanawake, watoto, bwana shamba, wote kopo moja. Ulichokiosha ni kahawia ya Ushirika, siyo ya mama yako. Na mimi nilikuwa naipaka huku nasema moyoni, ipo siku nitampata kwa rangi yake." Aliweka brashi chini. "Siku yenyewe ndiyo hii. Nimekaa naye nyumba moja, mwanangu, nimekula naye sahani moja, na sikumbuki rangi yake. Nimetafuta humu kichwani. Haipo."

Machozi yalimtoka akayaacha yatoke. Apolonia hakuwahi kumwona baba yake akilia, akashikwa na hofu kwanza, kisha huruma. Siku zote hizo alidhani aliyepoteza ni yeye peke yake. Alimsogelea akakaa karibu naye, na wote wawili wakaendelea kuvitazama vile vioo dirishani kama watu waliopotea njia.

"Tumwite mama mdogo," alisema Apolonia mwishowe. "Yeye atakumbuka."

Ng'washi aliletwa na basi la asubuhi kutoka Dutwa, kuku kwapani, maneno mdomoni. Alikuwa mwanamke wa kupenda mambo yaende sawa. Watoto wa mji wote walimwita mayu, yaani mama, kwa heshima, na aliyethubutu kumtaja kwa jina alilipata la kumtosha. Alimkabidhi Apolonia kuku, akamwambia amchinje na amnyonyoe vizuri, siyo kama safari ile. Kisha akavuta kigoda mbele ya dirisha akavikagua vile vioo kama mnunuzi anayekagua pamba.

"Hii ni gunia," alisema. Akachukua kingine. "Hii ni chai ya hoteli. Shemeji, huyu wa hapa ni mgonjwa, mpelekeni zahanati. Huyu mmempaka tofali."

"Na hii?" Mihayo aliuliza, akinyoosha kidole kwenye kile alichokiamini kidogo.

"Hiyo labda baba yetu. Tena akiwa shambani."

Mihayo alivumilia, maana shemeji ni shemeji, akakoroga nyingine mbele ya macho yake. Ng'washi aliikataa. Mihayo akaongeza nyekundu, shemeji akaikataa. Akaongeza nyeusi, shemeji akasema sasa ndiyo mmemzika kabisa.

"Basi sema ilikuwaje!" Mihayo alifoka. "Wewe ulilala naye kitanda kimoja utoto wote. Sema!"

"Ilikuwa..." Ng'washi alianza. "Ilikuwa rangi yake! Nikwambieje? Akija hapa namjua hata gizani. Kuitaja ndiyo siwezi." Alikuwa na hasira, lakini sauti ilikuwa imemwisha nguvu, na akaanza kuvipanga vile vioo upya bila sababu. Apolonia aliyasikia hayo akiwa kwenye jiko la uani, manyoya ya kuku yamemjaa mikononi, na tumaini lake la mwisho likamtoka. Kama hawa wawili hawakumbuki, hakuna mtu duniani anayekumbuka.

"Nionyesheni huo uso wenyewe," alisema Ng'washi. "Mnanionyesha rangi kama niko dukani. Labda nikimwona nitakumbuka."

Apolonia aliosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaingia ndani. Seli ilikuwa imekuwa kavu ya kuvunjika, ukiishika kwa pembe inapasuka, kwa hiyo aliilaza juu ya mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, na kuitegemeza kwa kiganja cha kulia. Uso ule haukuzidi kiganja. Mkono ulikuwa bado na majimaji, na plastiki ikaunasa. Akatoka nayo mlangoni kwenye jua, akitazama anapokanyaga asije akajikwaa.

"Simama hapo," alisema Ng'washi.

Apolonia akasimama. Alidhani ameharibu jambo jingine. Ng'washi alikuwa ameinuka kwenye kigoda, na vioo vilivyokuwa mapajani vikaanguka chini vikavunjika, naye hakuvitazama. Alikuja taratibu, akamshika Apolonia kifundo cha mkono, akaugeuza kidogo ili mwanga uangukie vizuri. Mihayo naye akasogea. Akaangalia mara moja, akaziba mdomo kwa mkono wake wenye rangi.

Apolonia akainamisha kichwa naye aone wanachokiona. Kanga aliyochorwa nayo mabegani ilikuwa hewani pembeni mwa mkono wake, mistari mitupu. Lakini pale mistari ya uso ilipolala juu ya ngozi yake, shavu lilikuwa shavu, paji la uso lilikuwa paji la uso, na lilikuwa na joto. Macho meupe yalimtazama. Jino lililompanda mwenzake lilionekana. Mwanamke alikuwa anacheka, kijana, pengine hamzidi yeye umri, amejaa kahawia ambayo hakuna aliyeikoroga. Mshipa wa Apolonia ukapiga chini ya shavu lile, na shavu likatikisika.

Kuku alikuwa nusu ameshanyonyolewa, mbuzi wa jirani akapita akala manyoya, hakufukuzwa.

Ng'washi alipiga goti kidogo, kama mdogo mtu anavyomsalimia dada yake aliyetoka safari ya mbali.

"Mwangaluka, Nyanjige," alisema.

Akangoja, mkono wa Apolonia bado ameushika, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Apolonia alimtazama baba yake. Mihayo hakumsaidia, alikuwa anatazama mkono. Na kwa kuwa hapa kwetu salamu haiachwi bila kuitikiwa, hata iwe imetolewa kwa nani, Apolonia aliitikia, na aliitikia kama dada mkubwa anavyomwitikia mdogo wake.

"Mwangaluka, Ng'washi."

Ng'washi, ambaye hakuwahi kumruhusu mtoto yeyote amtaje kwa jina, hakumkaripia.